Maradhi Yaliyopita Njia ya Unyanyembe

Mgeni akija kwetu Gongoni, katika mji wa Tabora, hakosi kuonyeshwa mambo ya kale. Ataonyeshwa miembe ya zamani, kisha atapelekwa Kwihara kuiona tembe aliyokaa Dr. Livingstone mwaka 1872, alipokuwa akingoja watu na mizigo kutoka pwani. Ataelezwa habari za pembe za ndovu, za nguo ya merikani, za shanga na nyaya za shaba, na za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hiyo mabegani kati ya Bagamoyo na Ujiji, wala hapana aliyewashinda kwa mwendo. Hayo yote ni kweli. Lakini katika misafara ile ulikuwamo mzigo mmoja usioandikwa katika daftari ya tajiri yeyote, wala hapana mtemi aliyeutoza hongo. Mzigo huo ni maradhi.

Nimependa kuandika habari hizi kwa sababu katika miaka ya 2020 na 2021 watu walibishana sana juu ya ugonjwa wa Korona, ambao kwa Kiswahili cha serikali uliitwa UVIKO-19. Walibishana sokoni, kanisani, katika mabasi na katika simu zao. Je, watu wafungiwe majumbani, au waachwe watafute riziki? Je, chanjo ni dawa au ni mtego? Wengi walisema kana kwamba mambo hayo hayajapata kutokea katika nchi hii. Nami nalikuwa mmoja wa wabishi hao, tena nilikosa; nitaungama kosa langu hapo mbele.

Na tuanze na ndui. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani kuja bara kutafuta maziwa makuu. Walifika Kaze, yaani Tabora ya zamani zile, tarehe 7 Novemba, wakapokewa kwa wema na Mwarabu aliyeitwa Snay bin Amir. Lakini kabla ya kufika huku, walipokuwa wakipanda milima ya Usagara, walikutana na msafara ulioteremka pwani. Msafara huo ulikuwa umepoteza watu 50 kwa ndui. Burton ameeleza jinsi walivyoziona maiti kando ya njia, na watu waliopofuka kwa ugonjwa wakijikokota, na akina mama waliobeba mgongoni watoto wenye ndui kama wao wenyewe. Mtu akianguka, hapana ndugu aliyerudi kumwinua. Wala hapana kijiji kilichokubali kumpokea. Alilala pale pale mpaka roho ilipomtoka, na fisi wakaja.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Watu wa vijiji vile hawakuwa na daktari wala gazeti, hata hivyo walijua kwamba ugonjwa hufuata watu, na ya kuwa mlango ukifungwa mapema watoto walio ndani hupona. Basi walifunga. Tusiwaite wakatili upesi, maana wewe nawe ungalikuwa na watoto wanne ndani ya boma, ungalifanya nini? Lakini nje ya boma alikufa mtu, naye alikuwa mtoto wa watu, pengine kijana wa Unyanyembe hapa hapa aliyekwenda pwani kutafuta mali ya kuolea. Kila mlango una pande mbili, na mara nyingi mwenye kusifu kufunga ni yule aliye ndani na ghala lake limejaa.

Na kwamba njia ikifungwa wapo wanaoumia, babu zetu walilijua vema. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji kwa sababu ya ugomvi wake na Waarabu wa Tabora, biashara ilisimama, vita vikatokea, na sehemu ya mji huu ikachomwa moto. Habari hiyo si ya maradhi, nami naipita, ila naitaja ili tukumbuke kwamba mji huu huishi kwa njia. Mwenye kuugusa mlango wake amegusa chungu cha kila nyumba.

Sasa, juu ya chanjo. Wengi hudhani ililetwa na Wadachi au na wamisionari. Sivyo. Burton huyo huyo aliandika kwamba Waarabu walikuwa wamekwisha kuingiza huku desturi ya kuchanja, ingawa si kila mahali. Walichanja ngozi kidogo kipajini, katikati ya nyusi, wakatia usaha wa mgonjwa wa ndui. Aliyechanjwa hivyo kwa kawaida aliugua ndui nyepesi, akapona, wala haikumpata tena. Lakini desturi ile ilikuwa na hatari, maana wengine walipata ndui kali wakafa, na wengine wakawaambukiza majirani zao. Kule Uingereza daktari Edward Jenner alikuwa amekwisha kuonyesha, tangu mwaka 1796, ya kuwa usaha wa ndui ya ng'ombe hufanya kazi ile ile pasipo hatari ile. Lakini dawa yake ilikawia kufika bara, kwa kuwa huharibika kwa joto, na safari ya miguu kutoka pwani ilikuwa ya miezi. Wadachi walipoitawala nchi ndipo kuchanja watu wengi kulipoanza kwa amri, na amri nayo ikaleta hofu yake. Tutarudi hapo.

Baada ya ndui, kipindupindu. Kilifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Alikuwako huko daktari mmoja, James Christie, aliyefanya jambo ambalo mimi hulistaajabia hata leo. Hakutosheka kuhesabu wafu. Aliwauliza wafanya biashara na mabaharia, kila mmoja alitoka wapi na aliuona ugonjwa wapi, akaifuata njia yake kurudi nyuma, kutoka Unguja mpaka Pangani, na kutoka Pangani mpaka nchi ya Wamasai, na huko mbele mpaka Uhabeshi na bahari ya Shamu. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1876. Basi ugonjwa ule ulioua watu wengi Unguja haukushuka kutoka katika merikebu kama wote walivyodhani. Uliletwa na misafara ya bara. Kisha ukarudi bara kwa misafara mingine, na Livingstone, alipokuwa mbali katika Manyema, akapata habari kwamba baadhi ya watu waliotumwa kumletea vitu wamekufa kwa kipindupindu njiani.

Hata funza walikuja hivyo. Walishuka na merikebu iliyotoka Brazili, wakaingia Angola mwaka 1872, wakavuka bara lote katika nyayo za wapagazi, wakaifikia pwani yetu kabla ya karne ile kwisha. Wazee walipowacheka watoto wenye funza, hawakujua kwamba wanamcheka msafiri wa mbali.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mzigo ule wa maradhi ulipanda gari. Mafua makuu ya mwaka 1918 yalikuta nchi imechoka kwa vita, chakula hakuna, na vijana wametawanyika katika kazi ya uhamali wa jeshi. Askari wa Wadachi waliojisalimisha mwishoni mwa Novemba mwaka ule walipelekwa kwa reli hii hii, na mafua yakawapata wengi wao, wakafa wakiwa wamekwisha kupona risasi.

Basi tufike zamani zetu wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye ni mwanamke aliyefika Arusha akitoka Ubelgiji. Siku ya pili yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba shule zifungwe. Sisi waalimu tuliwaaga watoto tukidhani ni kwa siku 30, wakakaa nyumbani zaidi ya siku 100, maana shule za watoto zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Lakini miji haikufungwa, wala masoko, wala makanisa na misikiti. Rais John Magufuli aliwaita watu wote kuomba kwa siku tatu, tarehe 17 mpaka 19 Aprili. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, akasema ya kuwa zimepelekwa kwa siri sampuli za mbuzi na papai katika maabara ya taifa, na baadhi yake zikaonekana zina Korona. Kwa hiyo akavitilia shaka vipimo. Hesabu ya wagonjwa ikakoma kutangazwa, ikiwa 509, na waliokufa 21. Mwezi wa Juni akasema ugonjwa umeondoka kwa neema ya Mungu.

Majirani zetu walishika njia nyingine. Kenya iliufunga mji wa Nairobi tangu tarehe 6 Aprili 2020, ikakataza watu kutembea usiku. Uganda ilifunga shule mwezi Machi mwaka ule, na wanafunzi wengine hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hapana nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kupita huo. Na madereva wa malori, ambao ndio wapagazi wa leo, walikamatana na taabu mipakani. Huko Rusumo, Rwanda ilitaka dereva wetu ashuke na mwingine aendeshe lori mbele; huko Namanga malori yalisimama safu ndefu yakingoja vipimo. Nilipowasikia madereva wakisema kwamba wanatazamwa kama watu wenye ukoma, nilikumbuka wale wa Usagara.

Je, nani aliyefanya vema? Mimi nitasema nionavyo. Katika kutofunga miji, Magufuli alikuwa na hoja. Mama auzaye maandazi hapa Gongoni hula alichokiuza leo. Ukimfungia siku 14 hafi kwa Korona, bali watoto wake wanalala na njaa. Na mimi niliye mwalimu siwezi kuisahau Uganda. Mtoto aliyekaa karibu miaka miwili bila kitabu, na binti aliyeozwa kwa kuwa shule imefungwa, hao nao ni majeruhi wa ugonjwa ule, ijapokuwa hawakukohoa. Lakini kunyamaza kulikuwa na hoja gani? Mtu aweza kusema, Hatufungi, lakini wagonjwa ni wangapi, na wako wapi, jihadharini. Sisi hatukuambiwa. Kwa mwaka mzima na zaidi tulizika watu kwa majina ya nimonia na shida ya kupumua, tukawa kama msafara usio na kirangozi. Christie aliyekwenda kwa kuuliza na kuhesabu, karne moja na nusu kabla yetu, alijua zaidi juu ya kipindupindu kuliko sisi tulivyojua juu ya Korona katika mitaa yetu.

Waliovunja ukimya ule kwanza walikuwa watu wa dini. Mwezi wa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka uliowaonya waamini kwamba ugonjwa umerudi, na ya kuwa nchi yetu si kisiwa. Mwezi wa Machi katibu wake, Padre Charles Kitima, akasema kwamba katika miezi miwili wamekufa mapadre zaidi ya 25 na watawa 60, baada ya kupata shida ya kupumua. Huku nyuma, tarehe 27 Januari, Rais alikuwa amesema Chato ya kuwa chanjo za wageni si za kuaminiwa. Kama Wazungu wangaliweza kuleta chanjo upesi hivyo, mbona ya ukimwi na ya malaria hazijapatikana? Tarehe 17 Februari akafa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ana Korona. Tarehe 17 Machi akafa Rais mwenyewe. Serikali ilisema ni maradhi ya moyo.

Rais Samia Suluhu Hassan aliita kamati ya wataalamu, nayo ikashauri hesabu zitangazwe na chanjo ziletwe. Tarehe 24 Julai 2021 zilifika dozi 1,058,400 za Janssen, zilizotolewa na Marekani. Tarehe 28 Julai Rais akachanjwa mbele ya watu wote, Ikulu ya Dar es Salaam. Lakini Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe, alihubiri kuzipinga chanjo hizo, hata akaitwa na kamati ya Bunge. Waziri wa Afya aliyempinga naye aliitwa Gwajima, jambo lililowavuruga wazee wengi walioisikiliza redio.

Hapa ndipo penye kosa langu. Mwezi wa Agosti mwaka ule wazazi waliniuliza barazani, Mwalimu, tuchanje tusichanje? Nami nilikuwa nimesoma katika simu maneno ya mtu nisiyemjua, kwamba aliyechanjwa hamalizi miaka miwili. Sikuyaamini yote, wala sikuyakataa. Nikawajibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu: Ngojeni kwanza, waache wenzenu watangulie. Jibu hilo lilinipendeza, maana halikunigombanisha na mtu. Alikuwako seremala mmoja, mtu wa makamo, aliyeitengeneza milango ya nyumba yangu. Alikuwa amekwisha kuazimu kwenda, akangoja. Mwezi wa Septemba akashikwa na homa, kifua kikambana, tukamzika kabla ya mvua za kwanza. Hapana tabibu aliyeniambia kwamba chanjo ingalimwokoa, na huenda angalikufa vilevile. Lakini alingoja kwa neno langu, na neno hilo halikuwa na msingi.

Watu husema, chanjo ina faida gani ikiwa kirusi chabadilika kila mara? Swali hilo ni zuri, nami nimejaribu kulieleza darasani hivi. Mwalimu aandika sentensi ubaoni, mtoto wa kwanza ainakili, wa pili anakili kwa wa kwanza, wa tatu kwa wa pili. Kufika kwa mtoto wa arobaini kumeingia makosa. Mengi hayana maana, lakini kosa moja laweza kuigeuza sentensi ikawa neno jingine. Kirusi nacho hujinakili katika mwili wa mtu, na kila mtu aambukizwaye ni daftari nyingine. Wakiwa wengi, makosa ni mengi. Na kosa linalokisaidia kirusi kuenea ndilo linaloshinda mengine. Kirusi cha ndui hubadilika polepole, basi chanjo moja ilitosha. Cha Korona hubadilika upesi. Kwa hiyo aliyechanjwa aliweza kuambukizwa tena, lakini hatari ya kulazwa na kufa ilipungua sana.

Namna mpya hizo zilikuwa zikiitwa kwa majina ya nchi zilikoonekana, mpaka tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilipozipa majina ya herufi za Kiyunani, ili nchi zisionewe aibu. Nasi tulimo katika habari hizo. Mwezi wa Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa katika kiwanja cha ndege cha Luanda, Angola, wakaonekana na namna ya kirusi iliyobadilika mno. Sisi kwetu tulikuwa hatupimi, basi habari za nyumbani tulizipata kwa jirani. Mwezi wa Novemba mwaka ule wataalamu wa Botswana na Afrika ya Kusini waliivumbua namna iliyoitwa Omicron, wakautangazia ulimwengu mara moja. Malipo yao yalikuwa nini? Nchi nyingi zilizifungia milango nchi za kusini mwa Afrika, hali Omicron ilikuwa imekwisha kuwako Ulaya. Jirani aliyepiga mbiu ndiye aliyeachwa nje ya boma.

Ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Aliipata kwa kuwapeleka wagonjwa wawili katika gari. Alikuwa mtumishi wa hospitali, na chanjo ilikuwa karibu naye kila siku, lakini alikuwa ameikwepa kwa kuwa aliogopa kuumia. Akapona, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa umetoweka. Baadaye alifanya kazi ya kuchanja watoto dhidi ya polio, akiwasimulia wazazi kosa lake mwenyewe, mpaka alipokufa mwaka 2013. Nilipozisoma habari zake nilijiona mimi.

Mwaka 2022 wachanjaji walianza kupita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu mmoja, bibi aliyepita miaka 80, alisimama wa kwanza. Alitusimulia kwamba yeye alipokuwa mtoto, katika utawala wa Waingereza, watu walikimbilia porini waliposikia mchanja ndui amefika, na mama yake akamrudisha kwa kumvuta sikio. Dada yake aliyejificha vizuri zaidi alipata ndui mwaka uliofuata. Kisha akafunua bega lake, akamwonyesha muuguzi lile kovu la mviringo, akamwambia, Mwanangu, nichome karibu na hili, yakae pamoja.

Mimi nalisimama nyuma yake. Nyuma yangu alikuwako mjane wa yule seremala. Alinisalimu, Shikamoo mwalimu, nikaitikia Marahaba, tukasogea mbele.